Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Hotuba juu ya Malezi ya Mtoto Aliyepandikizwa Uboho



Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Waliwausia wazazi, lakini usia wao wafaa pia katika tiba moja ambayo wengi huisikia kwa mbali, nayo ni tiba ya kumpandikizia mtoto uboho wa mtu mwingine. Uboho ni ule ute mwekundu ulio ndani ya mifupa, ambao wengine huuita uloto. Watu husikia kwamba mtoto wa fulani amepelekwa ng'ambo kutiwa uboho, na fedha nyingi zimechangwa. Na siku ya kutiwa ikipita salama, hushukuru wakadhani kwamba kazi imekwisha. Sivyo. Siku ile ni kama siku ya kuzaliwa. Malezi huanza kesho yake, na mtoto aweza kupotea katika malezi hayo ikiwa walio karibu naye hawajui wanamlinda na nini. Maneno yafuatayo ni juu ya malezi hayo, na hasa juu ya ile misukosuko itokayo katika kinga ya mwili yenyewe.

Kila mwanadamu amezungukwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, katika hewa, katika maji, na hata juu ya ngozi yake. Haviwezi kumwangamiza kwa kuwa ndani ya damu yake mna askari, nao ni chembe nyeupe. Askari hao wote huzaliwa katika uboho. Baadhi yao huondoka wangali wachanga, wakaenda kufundwa katika tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, iitwayo thaimasi. Humo hufundishwa jambo moja kubwa: kumtambua mwenyeji na kumtambua adui. Asiyefuzu huangamizwa humo humo, na waliofuzu hutoka wakaitwa chembe za T. Askari wa aina nyingine huitwa chembe za B. Kazi yao ni kutengeneza kingamwili, yaani protini za kinga zinazoelea katika damu na kuvinasa vijidudu. Chembe za B haziwezi kufanya kazi yao vizuri bila ya kuongozwa na chembe za T. Kwa hiyo zikikosekana za T, nyumba nzima haina mlinzi.

Wako watoto wachache wanaozaliwa katika hali hiyo. Nchini Marekani, hesabu iliyotangazwa mwaka 2014, baada ya kupimwa watoto wachanga wapatao milioni 3, ilionyesha kwamba mtoto 1 katika kila watoto 58,000 huzaliwa na upungufu mkali wa kinga. Mtoto huyo huzaliwa mzima, ana uzito mzuri, na hulia kama watoto wengine, kwa maana kinga aliyopewa na mamaye tumboni humsitiri kwa miezi michache. Kisha huanza kuharisha kusikokoma, utando mweupe hujaa kinywani na haumwondoki kwa dawa, kichomi humrudia tena na tena, na uzito wake hausogei. Asipotibiwa, aghalabu hafikishi mwaka wa pili. Na katika nchi ambako watoto wengi hufa kwa kichomi na kuharisha, huzikwa pamoja na wengine wala hapana ajuaye kwamba alikuwa na maradhi ya namna yake. Maradhi haya si UKIMWI. UKIMWI huletwa na virusi viingiavyo mwilini, ama haya ni ya urithi, wala hayamwambukizi mtu.

Urithi huo una njia zake. Aina moja hupitia kwa mama asiye na dalili yoyote, ikawapata watoto wake wa kiume. Aina nyingine hutokea pale ambapo baba na mama wote wawili wamebeba kasoro ile ile iliyojificha. Hapo kila mimba yao ina hatari ya 1 katika 4 kuleta mtoto mgonjwa, akiwa mume au mke. Ndoa ya watoto wa ndugu ni halali, na ni desturi ya koo nyingi. Lakini watu wa babu mmoja huweza kurithi kasoro moja, na kwa sababu hiyo aina hii ya pili huonekana zaidi katika koo zioanazo. Kusema hivi si kuwatia aibu watu. Maradhi yaliyomo katika damu ya ukoo hayakuletwa na dhambi ya mama wala husuda ya jirani, na mwanamke aliyefiwa na wana watatu hastahili kuongezewa mzigo wa maneno.

Mtoto asiye na askari hawezi kuponywa kwa kupewa dawa za kuua vijidudu peke yake, kwa maana ataondokewa na kijidudu kimoja akaingiwa na kingine. Dawa iliyo thabiti ni kumpa uboho wa mtu mzima wa afya, uzae askari wapya ndani yake. Hapa ndipo ilipo maana ya ile mithali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone. Uboho wa mtoaji ni mgeni, nao huingia mwilini kwa mshipa, kama damu inavyotiwa, ukajitafutia makao katika mifupa ya mwenyeji. Lakini mgeni huyu ana silaha. Akiingia katika nyumba asiyoijua, huweza kumdhania mwenyeji kuwa ni adui.

Kisa cha mwaka 1968 kinaonyesha jambo hilo wazi. Katika mji wa Minneapolis, nchini Marekani, tabibu Robert Good na wenzake walimpokea mtoto wa kiume wa miezi 5 mwenye upungufu mkali wa kinga, ambaye katika ukoo wa mamaye wavulana wengi walikuwa wamekwisha kufa kwa maradhi hayo hayo. Dada yake wa miaka 8 alitoa uboho. Haukupita muda mrefu, askari wa dada wakamshambulia mtoto: ngozi iliwaka na mwili ukataabika. Matabibu walimlinda akavuka. Kisha msiba wa pili ukatokea. Damu ya mtoto ilikuwa ya kundi A na ya dada yake kundi O. Askari wageni wakaushambulia uboho wa mwenyeji unaotengeneza damu, hata ukakauka. Watu wengine wangekata tamaa. Wao walimtia uboho wa dada yake mara ya pili, na uboho huo ukaota ukatengeneza si askari tu bali na damu yote. Mtoto wa kundi A akawa na damu ya kundi O kama dada yake, akakua akawa mtu mzima. Ndiye wa kwanza kupona upungufu wa namna ile kwa uboho wa ndugu, na kupona kwake hakukuwa kwa siku moja, bali kwa misukosuko miwili iliyotambuliwa na kutibiwa.

Msukosuko wa kwanza ni huo wa mgeni kumshambulia mwenyeji. Asili yake ni zile chembe za T zilizokomaa katika mwili wa mtoaji na kusafiri pamoja na uboho. Kila mtu ana alama katika chembe za mwili wake, na chembe za T huzisoma alama hizo kama mlinzi asomavyo cheti mlangoni. Tabibu Jean Dausset wa Ufaransa alianza kuzifunua alama hizo mwaka 1958, na kwa kazi hiyo alishiriki tuzo ya Nobel mwaka 1980. Mtoto huzirithi nusu kwa baba na nusu kwa mama. Kwa hiyo ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana bahati ya 1 katika 4 kufanana kabisa na nduguye mgonjwa. Ndugu wa namna hiyo ndiye mtoaji bora. Wala hapunguki kwa kutoa, kwa maana mwili wake hurudisha uboho uliotolewa katika muda wa majuma machache. Lakini mtoaji aliye mtoto naye ni amana: yapasa aelezwe kwa kiasi cha akili yake, apimwe na kutunzwa, asifanywe kisima kisicho na mwenyewe.

Asipopatikana ndugu anayefanana, hutafutwa mtu baki anayefanana, ama hutumiwa uboho wa baba au mama, ambao hufanana kwa nusu tu. Zamani uboho wa nusu ulikuwa hatari kubwa mno. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 wataalamu walipata njia ya kuuchuja kabla ya kuutia, wakiziondoa zile chembe za T zilizokomaa na kuziacha chembe mama, ambazo zikifika huanza upya na kupeleka wanafunzi wake katika thaimasi ya mtoto mwenyewe. Wanafunzi hao hukulia katika nyumba ya mwenyeji, wakaijua tangu utotoni, nao hawampigi. Njia nyingine ni kumpa mtoto dawa ya saiklofosfamidi siku chache baada ya uboho kuingia, ili iwaue askari waliokwisha kuanza kuwaka kwa hasira. Pamoja na hayo hutolewa dawa za kutuliza, kama saiklosporini, kwa miezi kadhaa, na damu hupimwa mara kwa mara kujua kiasi cha dawa kilichomo. Kiasi kikipungua, askari hukasirika. Kikizidi, figo hudhurika. Ndiyo maana mzazi hana ruhusa ya kuruka dozi, wala ya kuongeza, wala ya kuchanganya dawa hizo na mitishamba asiyomwambia tabibu.

Dalili za msukosuko huu aghalabu huonekana katika siku 100 za mwanzo. Ngozi ndiyo mjumbe wa kwanza: vipele vyekundu hutokea, na mara nyingi katika viganja vya mikono, nyayo, masikio na uso. Mjumbe wa pili ni tumbo, kwa kuharisha maji mengi, pengine na damu. Wa tatu ni ini, na alama yake ni macho kuwa manjano. Mzazi aonapo alama hizi asingoje asubuhi. Dawa ya kwanza ni za jamii ya steroidi, na watoto wengi huzikubali. Kwa wasiozikubali ziko dawa nyingine. Mojawapo, iitwayo ruksolitinibu, iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 2019 kwa wagonjwa wa miaka 12 na zaidi. Lakini kila dawa ya kumtuliza mgeni humdhoofisha vile vile mbele ya vijidudu. Tabibu hutembea juu ya ukuta mwembamba: huku kuna askari wakali mno, huku kuna nyumba isiyo na askari. Jamaa wakiona dozi inapandishwa leo na kushushwa kesho, wasidhani kwamba tabibu hajui afanyalo.

Msukosuko wa pili ni kinyume cha wa kwanza: mwenyeji kumfukuza mgeni. Wako watoto ambao kinga yao haikukosekana kabisa, bali ni mbovu. Mabaki ya askari wao huweza kuukataa uboho mpya. Kwa hao hutangulizwa dawa kali za kusafisha mifupa, ili mgeni apate nafasi. Dawa hizo hudondosha nywele, huchubua kinywa, na baadhi yake huweza kudhuru uzazi wa baadaye. Kwa hiyo mtoto mchanga sana au mwenye kichomi hawezi kupewa kwa pupa. Baada ya kupandikiza, hupimwa ni sehemu gani ya damu iliyo ya mtoaji na ni sehemu gani iliyo ya mtoto. Wakati mwingine wawili hao hukaa pamoja kwa amani miaka mingi. Lakini sehemu ya mtoaji ikianza kupungua kila mwezi, hiyo ni habari ya kushughulikiwa mapema, kwa kupunguza dawa za kutuliza, au kuongeza chembe za mtoaji, au kurudia kupandikiza.

Msukosuko wa tatu ni ule wa kipindi cha kungoja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mgeni huyu hashiki jembe siku ya tatu. Pale ambapo uboho umechujwa, chembe mpya za T huanza kuonekana baada ya miezi 3 au 4, na kinga timamu huchukua mwaka mmoja au zaidi. Katika kipindi hicho virusi vilivyolala hupata nafasi ya kuamka. Viko virusi ambavyo watu wazima wengi huwa navyo maisha yao yote bila ya kujua, ambavyo mtoto huyu havimudu.

Habari ya David Vetter wa Texas, nchini Marekani, ilijulikana duniani kote. Kaka yake alikufa mchanga kwa upungufu wa kinga, na David alipozaliwa mwaka 1971 alitiwa mara moja katika hema ya plastiki isiyopenya kijidudu, akaishi humo miaka 12 bila ya kuguswa kwa mkono mtupu. Mwezi wa Oktoba mwaka 1983 alipewa uboho wa dada yake uliochujwa, kwa maana haukufanana naye kabisa. Mgeni hakumshambulia. Lakini ndani ya uboho ule mlikuwa na virusi viitwavyo Epstein-Barr, ambavyo dada yake alikuwa navyo bila ya kuugua. Chembe za B zilizoingiwa na virusi hivyo ziliongezeka bila ya kizuizi, kwa kuwa hapakuwa na chembe za T za kuzikomesha, zikawa saratani. David alitolewa katika hema, mamaye akamgusa kwa mara ya kwanza, na mwezi wa Februari mwaka 1984 akafa.

Kifo kile kiliwafundisha matabibu kungoja kwa macho. Siku hizi, katika hospitali zifanyazo kazi hii, damu ya mtoto aliyepandikizwa hupimwa kila juma kutafuta virusi hivyo na vingine, kabla ya dalili yoyote kuonekana. Vikianza kupanda, dawa hutolewa pale pale: gansiklovia kwa virusi vya jamii ya saitomegalo, na rituksimabu kwa chembe za B zilizoingiwa na Epstein-Barr. Mahali pengine huletwa chembe za T zilizofundishwa kuvitambua virusi fulani, zikawa askari wa kukodi mpaka wenyeji wakomae. Basi mzazi akiambiwa kwamba damu itachukuliwa tena juma hili ingawa mtoto anacheza, ajue sababu yake.

Msukosuko wa nne unazihusu sana nchi za Afrika ya Mashariki na jirani zake. Katika nchi hizi mtoto huchanjwa BCG mara anapozaliwa, ili asipatwe na kifua kikuu kikali. Chanjo hiyo imewaokoa watoto wengi mno, wala hapana mtu mwenye akili atakayeipiga vita. Lakini ndani yake mna vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Kwa mtoto mwenye kinga havina madhara makubwa. Kwa asiye na kinga huzaana polepole, vikaenea katika tezi, mifupa, ini na mapafu. Mara nyingi hukaa kimya, kwa maana uvimbe na homa ni kelele za askari wanaopigana, na mtoto huyu hana askari.

Kisha apandikizwapo uboho, jambo la ajabu hutokea. Majuma kadhaa au miezi baadaye, chembe mpya za T huingia kazini, zikamkuta adui amejaa nyumba nzima. Vita huanza kwa ghafula. Kovu la chanjo begani huvimba na kupasuka, tezi za kwapa hufura zikatoa usaha, homa hupanda, na pengine kifua hubana. Wazazi huona mtoto aliyekuwa akipata nafuu amerudi nyuma, nao hudhani uboho umeharibika. Kumbe mara nyingi ni dalili kwamba kinga imefika. Tiba yake ni dawa za kifua kikuu zilizochaguliwa vema, kwa kuwa vijidudu vya BCG havisikii dawa ya pirazinamidi. Na ikiwa vita vyenyewe vinamuumiza mtoto, hutolewa steroidi kwa muda ili kuvipunguza makali bila ya kuvizima. Dawa hizi huendelea kwa miezi mingi, mpaka kinga iwe na nguvu.

Funzo la jambo hili ni jepesi, na kila nyumba yaweza kulishika. Ukoo uliokwisha kufiwa na watoto wachanga wawili au zaidi kwa kichomi au kuharisha kusikoelezeka, au ulio na mtoto aliyejulikana kuwa na upungufu wa kinga, umwambie mkunga na tabibu habari hiyo kabla ya mtoto mwingine kuzaliwa. Tabibu ataamua kama BCG ingoje mpaka damu ipimwe. Hukumu hiyo ni ya tabibu, wala si ya jirani. Na kwa watoto wengine wote chanjo na iendelee kama kawaida.

Msukosuko wa tano huja pengine wakati watu wamekwisha kusahau hofu. Mtoto amerudi nyumbani, amenenepa, dawa zimepunguzwa. Mara hupauka midomo, huchoka, mkojo wake huwa mweusi; au madoa madogo mekundu hutokea miguuni na pua hutoka damu. Hapo kinga mpya imezigeuka chembe za damu yake yenyewe, ama zile nyekundu ama zile za kugandisha damu. Hutokea kwa sababu thaimasi haijakomaa vizuri, na wanafunzi wengine wamefuzu kabla ya kufundwa sawa sawa; na hutokea zaidi pale damu ya mwenyeji na ya mgeni zinapokaa pamoja. Hutibiwa kwa steroidi, kwa kingamwili zitiwazo mshipani, na kwa rituksimabu. Watoto wengi hupona, lakini kuchelewa kwa siku moja au mbili kwaweza kuwa msiba. Tezi ya shingo nayo huweza kushambuliwa. Ndiyo sababu hupimwa kila mwaka hata mtoto akiwa hana lalamiko.

Baada ya misukosuko hiyo, yako malezi ya kila siku. Baadhi ya watoto hupata chembe za T nzuri ilhali chembe za B hazijui kazi. Hao huendelea kutiwa kingamwili kila baada ya majuma 3 au 4, pengine kwa maisha yao yote, na kufanya hivyo si kushindwa kwa tiba. Chanjo alizochanjwa zamani huwa hazihesabiwi tena, naye huanza upya kwa amri ya tabibu. Zile zenye vijidudu hai huwekwa mwisho kabisa, mpaka kinga itakapopimwa na kuonekana imara. Damu akiongezwa, lazima ipigwe mionzi kwanza, kwa kuwa chembe hai za damu ya mtu baki huweza kumshambulia vile vile kama uboho usiofanana. Maji yake yachemshwe, chakula kiwe cha moto, mikono ioshwe kwa sabuni na kila amshikaye. Na wageni wanaokuja kumpa mkono wa heri wasione haya kuambiwa wakae uani ikiwa wana mafua. Mwenye kumpenda mtoto ataridhika kumwona kwa dirisha.

Wengine watauliza: je, tabu yote hii ina matunda? Jibu limo katika hesabu. Mwaka 2014 zilitangazwa habari za watoto 240 wenye upungufu mkali wa kinga waliopandikizwa uboho katika hospitali 25 za Amerika ya Kaskazini kati ya mwaka 2000 na 2009. Waliopandikizwa kabla ya kuzidi miezi mitatu na nusu, 94 katika kila 100 walikuwa hai baada ya miaka 5. Waliokuwa wakubwa zaidi lakini hawajapatwa na maambukizo, 90 katika 100. Waliopatwa yakatibiwa yakaisha kwanza, 82. Ama wale waliopandikizwa huku maambukizo yangali yakiwaka, 50 tu. Watoto wote hao walikuwa na maradhi ya namna moja. Waliotofautiana kwa wakati. Jimbo la Wisconsin lilianza mwaka 2008 kumpima kila mtoto mchanga kwa tone la damu ya kisigino, na kufikia mwisho wa mwaka 2018 majimbo yote 50 ya Marekani yalikuwa yakifanya hivyo. Mahali pasipo na kipimo cha namna hiyo, kumbukumbu ya ukoo ndiyo kipimo.

Basi yapasa kumbukumbu hiyo itunzwe. Watoto waliofariki waandikwe majina yao, umri wao na maradhi yao, kama yanavyoandikwa mashamba na madeni. Wazee wanaosimamia ndoa waulize habari za watoto waliokufa katika koo mbili, wala wasione ni upekuzi. Na jumuiya inayochanga nauli ya mtoto kwenda kutibiwa, izidishe fikira: mchango wa siku ya kwenda hautoshi. Mtoto atahitaji kukaa karibu na hospitali kwa miezi, atahitaji dawa za kila siku, vipimo vya kila juma, na baadaye nauli ya kurudi kukaguliwa. Familia nyingi huishiwa katikati ya njia; dawa hukatwa, ukaguzi huachwa, na kilichojengwa kwa mali ya watu mia hubomoka kwa kukosa mali ya mmoja. Heri kuchanga kidogo kwa miaka miwili kuliko kuchanga kingi kwa jioni moja.

Yule dada wa miaka 8 wa Minneapolis alitoa uboho wake mara mbili. Lau wazee wake na matabibu wangalisema baada ya mara ya kwanza kwamba kazi imekwisha, kaka yake asingaliona mwaka wa pili wa uhai wake. Mgeni aliingia, akagombana na mwenyeji, wakapatanishwa, na mwenyeji akapona. Kupatanisha ndiko kulea, nako kwataka macho, haraka na subira kwa pamoja.